Safu ya Saba

Mwaka wa tisa huu nahesabu nisichokiona.
Alfajiri, ukungu ukiwa bado umeushika mlima wa Mbe
kama mdai aliyemshika mdeni wake,
namfuata Kekong na panga lake,
yeye anakata njia, mimi naandika.

Fomu ina safu saba.
Tarehe. Mwinuko. Viota vingapi.
Kiota kipo chini, au juu ya mti.
Mavi: mabichi, makavu, au yameota uyoga.
Mtego: upo, haupo.
Na ya saba, nyembamba kuliko zote,
kana kwamba aliyeichora alijua:
Ameonekana?

Hapana, naandika. Hapana. Hapana.
Kalamu imelizoea neno hilo
kama ulimi uzoeavyo pengo la jino.

Gorila wa huku hawataki wageni.
Waliwindwa tangu enzi za babu zetu
wakafundishana ukimya, mama kwa mwana,
hata leo kijiti kikivunjika chini ya kiatu changu
wao wameshavuka bonde.
Siku moja nilitia mkono ndani ya kiota,
matawi yamekunjwa, yakalazwa, yakakunjwa tena,
kazi ya mtu asiye na haraka,
nikakuta joto.
Joto tu, mwenyewe hayupo.
Usiku ule sikulala.

Basi nakusanya walichobakiza.
Kinyesi kijiko kimoja, kichupa cha spiriti, namba.
Huko maabara watasema: huyu jike,
huyu binti wa yule wa bonde la pili,
huyu alivuka barabara ya lami usiku, peke yake, kutafuta mume.
Ukoo mzima nimeubeba mgongoni, unanuka.
Siku ya soko mama mkwe hanipi mkono.
"Karani wa mavi," ananiita,
na wauza majani ya afang wanacheka,
nami nacheka, kwani uongo?

Juzi, safu ya sita, niliandika: upo.
Waya wa klachi ya pikipiki,
fundo limepigwa kwa mkono wa kushoto.
Kijijini kwetu anayefunga hivyo ni mmoja,
Oshie, mdogo wa mume wangu,
ambaye kakao yake ilikauka na bei ikaanguka,
ambaye mwanawe amerudishwa nyumbani kwa ada.
Niliukata. Jioni nikauweka mezani kwake,
kando ya sahani ya garri.
Alikula mpaka akamaliza, ndipo akasema:
"Ule ulikuwa wa funo."
Nikamjibu: "Waya haujui kusoma."
Tukanyamaza. Mkewe akaondoa sahani.
Fomu haina safu ya jina,
na hadi leo sijui nishukuru au nilie.

Jana tukaifungua kamera ya kijitoni.
Mvua. Mvua. Nungu. Makalio ya Kekong.
Kisha, saa kumi na mbili na dakika tisa asubuhi,
jike, mtoto mgongoni,
na mkononi mwake ndala yangu ya buluu
niliyoipoteza masika yaliyopita.

Anainusa. Picha nne nzima anainusa.
Mtoto anaitaka, ananyimwa, anapewa,
anaivaa kichwani.
Kisha jike anageuka
kuelekea tulikofunga turubai letu,
anatazama kwa utulivu,
kama mtu anayekagua shamba la jirani.
Picha ya mwisho: hawapo.
Ndala iko juu ya jiwe.
Haikutupwa. Imewekwa.

Kekong alicheka mpaka akakaa chini matopeni.
Mimi nilifungua fomu.
Kanuni inasema picha haihesabiki,
ni jicho la mtu tu linalohesabiwa.
Nikaandika: hapana.
Halafu pembeni, kwa penseli, herufi ndogo,
mahali ambapo msimamizi hasomi:

Sisi tumeonekana.
Idadi: wawili.
Ndala: moja.